Ujira wa Kijana Mikononi mwa Mlezi

Wasikilizaji wapenzi, jambo nililowaletea leo si kubwa kwa kulitazama, lakini nyumba nyingi zimepata uchungu kwa ajili yake bila ya kulitaja kwa jina: ni zile fedha ndogo ndogo anazozipata kijana wetu kwa kazi yake ya muda, na namna ya kumsaidia azitunze.

Ni nani kijana huyu? Mnamjua. Ni yule aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwezi wa Novemba, akapokea matokeo yake baada ya mwaka kugeuka, na sasa anangoja kidato cha tano, ambacho masomo yake huanza Julai. Nayo ni miezi mingi ya kungoja, ambayo mtu mwenye afya na nguvu zake hawezi kuipitisha amekaa barazani. Au ni binti aliye bado shuleni, ambaye Jumamosi na siku za likizo huenda mwaloni kuanika dagaa wa watu kwa ujira. Au ni mwana wa jirani anayeosha pikipiki pale stendi ya mabasi, au anayemsaidia fundi seremala kupiga randa, jioni akarudi nyumbani na noti mbili tatu zilizolowa jasho katika mfuko wa suruali.

Kabla sijaendelea, niseme neno moja la sheria, maana si kila kazi ni ya kumpa mtoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imemruhusu mtoto aliyetimia miaka 14 kufanya kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala kumzuia masomo yake. Na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa mgodini, wala katika ubaharia, wala mahali pengine ambapo kazi yenyewe ni ya hatari. Kwa hiyo mashimo ya dhahabu ya Buhemba si mahali pake, na mtumbwi wa dagaa usiku wa manane katikati ya ziwa si mahali pake, hata ujira ukiwa mnono namna gani. Ninazungumza habari za kazi ya halali, ya mchana, ya kiasi chake.

Sasa niwaulizeni: fedha hizo huenda wapi? Ukimwuliza mzazi, aghalabu atakujibu kwamba zimekwenda katika chipsi na soda, katika bando la simu, katika viatu vya mtumba vilivyomvutia macho kijana siku moja sokoni Nyasho, au, jambo ambalo limekuwa balaa la zama zetu, katika mkeka wa kubeti, ingawa sheria imemkataza kabisa mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha. Sikatai. Israfu ipo, na ghururi ya ujana ipo, na kijana aliyeshika elfu tatu za jasho lake kwa mara ya kwanza hujiona tajiri mpaka jua lichwe. Lakini ninaloliona mimi katika mitaa yetu ni jambo jingine, zito zaidi ya hilo, nami nalisema bila ya kumlenga mtu: akiba ya kijana huuawa na sisi wazee wake mara nyingi kuliko inavyouawa na chipsi na soda.

Tazameni jinsi inavyotokea. Binti amerudi mwaloni Jumamosi, mikono inanuka dagaa, magamba madogo yenye kung'aa yamemganda vifundoni mwa miguu, na katika kiganja amefumbata noti ya elfu tano. Anampa mama yake amwekee. Mama anaipokea kwa mikono miwili, anasema, "Ahsante mwanangu, Mungu akubariki," anaifunga katika pindo la khanga yake. Kufika Jumatano unga umekwisha, na yule mwenye mkopo ambao watu wameupa jina la kausha damu amekuja kusimama mlangoni kudai rejesho la juma. Na mama, kwa uchungu wa moyo wala si kwa hiana, anafungua fundo. Nitairudisha Jumamosi, anajisemea. Jumamosi inafika, wala fedha haikurudi. Binti anakuja kwa adabu, "Mama, naomba ile elfu tano yangu, nataka madaftari." Mama, ambaye aibu imemkaba koo, anaigeuza aibu ile kuwa ghadhabu: "Elfu tano yako? Na ugali unaokula hapa ni wa nani?"

Wasikilizaji wapenzi, neno hilo likishatoka kinywani haliwezi kurudishwa. Siku ile binti amefundishwa somo ambalo hakuna benki itakayolifuta kwa urahisi, nalo ni kwamba fedha iliyowekwa ni fedha iliyopotea, na kwamba fedha iliyo salama ni ile uliyokwisha kuila. Juma linalofuata atapitia kwenye chipsi kabla hajafika nyumbani, nasi tutasema kwamba vijana wa siku hizi hawajui kuweka. Watajuaje, ilhali walipoweka, walichoweka hawakukikuta?

Hili ndilo nililokuja kulisema, nami nitalirudia kabla sijaondoka: fedha ya kijana iliyo mkononi mwako ni amana, nawe ni amini wake, si mwenyewe. Mtu akisafiri kwenda Mwanza akakuachia baiskeli yake umtunzie, huiuzi kwa kuwa umepungukiwa chumvi. Ukiwa na shida kubwa unamtafuta kwanza umwombe, naye ana hiari ya kukubali au kukataa. Kwa nini basi mwenye amana akiwa ni mtoto wako wa kumzaa, taratibu hizo zote zisahauliwe? Udogo wake haupunguzi haki yake. Bali maadamu hana mahali pa kukushitaki, haki yake imekuwa nzito zaidi juu ya shingo yako.

Najua mzazi mmoja ananisikiliza hapo akisema moyoni mwake, huyu mtangazaji anataka kutuharibia watoto, wawe na fedha zao ndani ya nyumba na wasichangie hata kibiriti. La, hasha! Kijana mwenye ujira achangie, na kuchangia kwake ni sehemu ya malezi mema. Lakini sehemu ya nyumba ijulikane tangu mwanzo, izungumzwe kwa utulivu siku ambayo hakuna njaa wala mdai mlangoni. "Mwanangu, katika kila elfu tatu utakazopata, mia tano zitakuwa za nyumba. Unaonaje?" Mtoto anayetoa mia tano yake kwa jina hilo, mbele ya wadogo zake, huongezeka hadhi na kujiona ni mtu katika jamaa, ambapo yule anayenyang'anywa elfu mbili asiulizwe hajachangia kitu, ameibiwa tu. Mama ni yule yule, unga ni ule ule, lakini khitilafu iliyopo kati ya mambo hayo mawili hufuatana na mtoto mpaka uzeeni.

Na hapa nakumbuka waraka wa jirani yetu wa Butiama. Mwezi wa Machi mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akataka shule zetu ziwe na mashamba na karakana ambamo wanafunzi watafanya kazi kwa mikono yao. Wengi wetu tuliosoma baada ya hapo twalikumbuka jembe. Wachache hukumbuka kwamba katika fikra ile wanafunzi walitakiwa pia kushiriki katika kupanga kazi, na katika kuamua mapato ya jasho lao yatumikeje. Sehemu ya kwanza tuliitekeleza upesi. Ile ya pili, ya kumwuliza mtoto, iliwawia vigumu walimu, nayo mpaka leo inatuwia vigumu sisi wazazi. Mimi naamini kwamba hiyo ya pili ndiyo roho ya jambo lenyewe, kwa sababu mtu asiyeulizwa habari za mavuno huwa ni kibarua, na kibarua hana sababu ya kuweka.

Basi tumwulize. Tumwulize nini? Tumwulize anaweka kwa ajili ya nini. Akiba isiyo na jina ni nyepesi kuliwa, na kila mwenye haja ataiona ni fedha iliyokaa bure. Kijana anayengoja kidato cha tano hana haja ya kutafuta mbali jina la akiba yake. Ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali imeondolewa tangu mwaka 2022, tushukuru. Lakini tranka haikuondolewa, wala godoro, wala shuka, wala ndoo, wala rimu ya karatasi, wala nauli ya kumfikisha huko atakakopangiwa, ambako huenda kukawa ni mwisho wa nchi. Kila mzazi aliyewahi kuisoma ile fomu ya maelekezo ya kujiunga, akiishika kwa mkono mmoja na kushika kichwa kwa mkono wa pili, anajua ninasema nini. Mwambie kijana achukue karatasi aandike: tranka, godoro, nauli. Aende mwenyewe dukani akaulize bei, arudi aziandike mbele ya kila kitu. Tangu siku hiyo fedha zake zina jina, na ukizitwaa wewe, unajua kwamba umetwaa godoro.

Tuseme, kwa mfano tu, kijana wetu anapata shilingi 3,000 kwa siku kwa kuosha pikipiki. Mia tano ni za nyumba, kama mlivyopatana. Akitenga 1,000 kabla hajagusa kilichobaki, kwa siku tano za juma, atakuwa ametenga 5,000. Na majuma ishirini, tangu mwanzo wa Februari hata Juni, yatampa shilingi 100,000. Zinazobaki ni zake, ale chipsi, anywe soda, amnunulie rafiki yake andazi. Msimwonee jicho kwa hizo! Mtu aliyefanya kazi juani hana budi kuonja utamu wa ujira wake, na kumnyima kabisa ni kumfundisha kuficha. Lakini sikilizeni vizuri nilivyosema: kutenga kunatangulia, kutumia kunafuata. Anayesema ataweka kitakachobaki, kwa kawaida hakimbakii kitu.

Lakini je, wale ambao ujira wao hauji kila siku? Hapa nawageukia hasa watu wa mwaloni, maana mapato ya ziwa yana kalenda yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola na za betri. Na mwezi unapokuwa mpevu, mbalamwezi ikatapakaa juu ya maji, mwanga wa taa hauna nguvu tena ya kuwakusanya dagaa, wavuvi hupumzika, na wanikaji nao hukaa bure. Kisha giza hurudi, mitumbwi hurudi, na kazi hurudi kwa wingi hata mikono haitoshi. Fauka ya hayo ipo masika, ambapo mvua ya ghafula yaweza kuharibu dagaa walioanikwa, mwenye mali akasononeka na mwanikaji akakosa ujira. Kwa binti wa namna hii kanuni ya elfu moja kila siku itamvunja moyo, kwa kuwa mbalamwezi itamkuta hana cha kutenga, naye atadhani ameshindwa. Yeye apimiwe kwa mwezi wa angani: wakati wa giza atenge nusu nzima ya anachopata, wakati wa mbalamwezi asidaiwe kitu. Mama zake wanaochuuza dagaa wanaishi kwa tadbiri hiyo miaka yote. Ni kumweleza tu binti kile ambacho nyumba inakijua tayari.

Haya, na fedha zenyewe zikae wapi? Kibubu cha mbao kinachopigiliwa misumari na seremala ni chombo kizuri cha kuanzia, kwa sababu kijana anakiona, anakitikisa, anasikia sauti ya jasho lake. Na kwa kuwa hakifunguki ila kwa kuvunjwa, humpa muda wa kufikiri kabla ya kuvunja. Lakini kibubu hakijui moto, wala mchwa, wala mwizi, wala yule kaka mkubwa mwenye ustadi wa kuchomoa noti kwa kijiti. Kisizidi miezi miwili au mitatu bila ya kufunguliwa mbele ya mashahidi, zikahesabiwa, zikahamishwa.

Zihamie wapi? Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, wengi wetu tumezoea kuweka fedha katika simu, nayo ni njia ya salama, ila mkumbuke mambo mawili. La kwanza ni makato: kila unapotoa unakatwa, kwa hiyo anayeweka na kutoa kila siku mbili huila akiba yake bila kutafuna. La pili ni kwamba namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, kwa kawaida hupatikana mtu akitimia miaka 18, na kabla ya hapo laini anayoitumia kijana imesajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi au mlezi. Maana yake fedha zake, kwa macho ya kampuni, ni zako wewe. Mnaona jinsi habari ya amana inavyorudi? Sheria imeiweka akiba ya mtoto chini ya jina lako na chini ya imani yako.

Wapo pia wenye kupenda benki. Wazee wetu hapa wanaikumbuka benki ya akiba ya posta, iliyoanza katika nchi hii mwaka 1925, na kile kitabu kidogo ambacho kila kilichowekwa kiliandikwa na kupigwa mhuri. Benki ile imebadilika majina, na tangu mwaka 2021 inaitwa TCB. Siku hizi benki kadhaa zina akaunti za watoto na vijana zinazofunguliwa pamoja na mzazi, kama vile Junior Jumbo ya CRDB na Chipukizi ya NMB. Nendeni wawili, wewe na kijana, yeye ndiye aulize masharti: kima cha chini cha kufungulia ni kipi, nani anaruhusiwa kutoa, kuna makato gani. Usimwulizie. Mwache aulize yeye, hata akigugumiza.

Na jamaa zetu wa vijijini Butiama na Bunda watasema, sisi benki yetu ina miguu minne. Kweli, mbuzi jike aliyenunuliwa kwa fedha ya kijana na kufugwa kwa bibi yake ni akiba yenye kuzaa, nami sina neno dhidi yake, isipokuwa hili, kwamba mbuzi huyo ajulikane kijiji kizima ni wa nani, na akizaa, kitoto kijulikane ni cha nani. Mashauri mengi ya jamaa yametoka kwa mbuzi asiyeandikwa.

Popote zitakapokaa, liwepo daftari. Daftari la shule la kurasa chache latosha, kalamu moja, safu tatu: tarehe, kilichoingia, kilichotoka. Kijana aandike kwa mkono wake, mzazi atie sahihi. Katika vikundi vya kukopesha na kuweka, akina mama wa Bweri mnalijua jambo hili kuliko mimi. Sanduku lenu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, si kwa sababu mnashukiana wizi, bali kwa sababu uaminifu wenye mashahidi hudumu. Mpeni mtoto wenu taratibu ile ile mnayojipa wenyewe.

Na siku unga ukiisha kweli, na hakuna pengine pa kushika? Itatokea, kwani maisha yetu twayajua. Basi usifungue fundo peke yako. Mwite, mketi, umwambie kama unavyomwambia mtu mzima: "Mwanangu, nimekwama. Naomba uniazime elfu tano katika akiba yako, nitakurudishia Jumamosi ya pili." Umwache ajibu. Akikubali, na sijaona watoto wengi wanaokataa njaa ya nyumbani, liandikwe katika daftari, na Jumamosi ya pili ikifika ulipe, na kama huna zote ulipe elfu moja, lakini siku isipite kimya. Mzazi anayemlipa mwanawe elfu moja mbele ya daftari amemfundisha habari ya deni, ya ahadi na ya heshima kwa mara moja. Na wewe unayenisikiliza sasa, ambaye ulikwisha kutumia na hukulipa, pengine mwaka jana, pengine mwaka juzi, naye akanyamaza nawe ukanyamaza: hesabu unazozikumbuka, uanze kulipa leo jioni. Ni amana, nilisema, wala amana haichakai.

Julai itafika. Siku ya kununua, mpelekeni sokoni fedha zikiwa mkononi mwake, achague godoro mwenyewe, apatane bei mwenyewe, nanyi mwe kando. Kitakachobaki asiende nacho chote bweni, wala msikigawe nyumbani kwa kuwa amesafiri. Kikae palepale kilipokuwa, na daftari libaki kwa mama. Na siku atakapotimia miaka 18 akapata namba yake ya NIDA, andamaneni naye hadi kwa wakala, laini ile isajiliwe kwa jina lake pamoja na salio lote lililomo, kisha daftari umkabidhi, atie sahihi kwamba amepokea.